Mzee akisahau, twamficha nani?

Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya Isha katika msikiti mmoja wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, mwadhini alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mzee amepotea tangu alasiri. Akaeleza alivyovaa: kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, na miguuni kiatu kimoja. Atakayemwona amrudishe kwao, ama apige simu. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini kana kwamba kile kipaza sauti hakingesikia: "Ana tatizo kidogo."

Mtu aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Kidogo gani? Yule keshachukuliwa." Hakusema kachukuliwa na nani. Kwetu neno hilo halihitaji mtendaji, kila mtu humwekea amtakaye. Nyuma yangu mwengine akasema nyumba ile ina mambo, na wa tatu akavuta uradi wake kwa haraka zaidi. Katika safu nzima sikumsikia hata mmoja akitaja neno maradhi.

Mimi sikuweza kusema kitu, kwa kuwa mzee aliyepotea ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Nilisoma kwake kutoka alif mpaka nikahitimu, na kiganja changu cha kushoto kingali kinaikumbuka bakora yake. Vijana wa tuktuk walimpata saa nne za usiku upande wa Makupa, kaketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, akisoma Suratu Yasin kwa sauti, taratibu, kwa tajwidi iliyotimia. Walipomuuliza anakaa wapi, alijibu kwamba yuamngoja mamake aje amchukue. Mamake amefariki yapata miaka arubaini sasa.

Hapa, wasomaji wangu, sina budi kukiri jambo kabla sijamnyoshea mtu kidole. Habari za Maalim nilikuwa nazijua kwa miaka mitatu. Nami nilikuwa mmoja katika waliomficha. Kila nilipoulizwa, "Maalim yu hali gani? Mbona haonekani?" nilijibu kama walivyojibu wanafunzi wake wote wa zamani: "Yu ndani, apumzika." Tulidhani twamsitiri. Siku ile ya kupotea, watu wa mtaa mzima hawakujua kwamba mzee akionekana peke yake njiani hana budi kushikwa mkono na kurudishwa. Walimwona akipita. Walimwamkia kwa heshima, "Shikamoo Maalim," naye akawajibu "Marahaba" kama kawaida yake, wakamwacha aende zake. Angegongwa na matatu usiku ule, damu yake ingekuwa juu ya sitara yetu.

Ilianza kidogo kidogo. Kwanza aliwasahau wajukuu majina, na hilo halikumshtua mtu, kwani nani asiyechanganya majina ya wajukuu? Kisha akawa akisali Adhuhuri, akiondoka mswalani, na baada ya robo saa akarudi kutawadha akasali Adhuhuri ile ile. Mara nne, mara tano. Baadaye akawa akiamka saa nane za usiku, avae kanzu, atoke kwenda kufungua chuo ambacho kilifungwa miaka mingi iliyopita, na pahala pake sasa pana duka la simu. Mwenye nyumba ya jirani alikoroma kwamba mzee ampigia mlango kwa bakora usiku wa manane akiita watoto waje wasome. Hapo ndipo wanawe walipokaa kikao, na uamuzi ukawa kutia komeo kwa nje katika mlango wa chumba cha uani.

Kikao hicho kilikuwa cha simu zaidi kuliko cha watu. Maalim ana watoto watano. Wawili wako Ghuba, mmoja Nairobi, mmoja ana kazi na watoto wake mtaa wa pili, na wa tano ni binti ambaye mume alimwacha, akarudi kwa babake. Basi kwa kuwa "yeye yupo nyumbani", mzigo ukamfikia bila ya kupigiwa kura. Alikuwa akifundisha watoto wadogo, akaacha. Alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, akaacha pia, kwa sababu mkaa na mzee asiyejua moto ni moto havikai uani pamoja. Ndugu zake wa Ghuba hutuma fedha, sitaki kuwadhulumu, hutuma, tena hawachelewi. Ila pamoja na fedha hutuma amri. Mbona baba amekonda? Mbona katika ile picha kanzu yake ina doa? Hakuna aliyewahi kuuliza, "Wewe walala saa ngapi?"

Nilipokwenda kumtazama baada ya kupatikana kwake, nilimkuta binti huyo kaketi kwenye ngazi, macho mekundu. Alinambia maneno ambayo nimepewa ruhusa kuyaandika mradi nisimtaje jina. "Kaka, wewe umesoma. Tumeambiwa wazazi wakizeeka tusiwaambie hata neno la kuguna. Mimi nimevuka kuguna. Nampigia kelele. Siku moja alinitemea chakula, nikamsukuma akaanguka kitandani. Kisha nikakaa nikalia, na yeye akaja akanishika kichwa akaniuliza mimi mtoto wa nani, nani aliyenipiga. Nambie, mimi nina pahala peponi?"

Nilikosa la kumjibu. Aya aliyoikusudia, ile ya Suratul Israai, huisikia kila mwaka katika mawaidha, na aghlabu yasomwa kama fimbo kwa mtoto aliye karibu. Nami nimeifikiri sana tangu siku ile. Inazungumza juu ya mzazi kufikia uzee hapo ulipo, kwako wewe. Na katika Kiarabu chake dhamiri ile ni ya mwanamume. Sina haja ya kufanya tafsiri, kazi hiyo ina wenyewe. Nasema tu kwamba aliyesoma nahau kidogo hawezi kuitumia aya hiyo kumbebesha dada na kuwasamehe kaka zake wanne.

Lakini kwa nini walimficha? Kuwaambia ni watoto wabaya ni rahisi, na si kweli. Walimficha kwa sababu ya jambo ambalo mtu wa bara hatalielewa upesi, na wa pwani huenda asipende kuliona limeandikwa. Maalim ni mtu wa Kurani. Kuna kauli mashuhuri, inayonasibishwa na baadhi ya wema waliotangulia, ya kwamba mwenye kuisoma Kurani harejeshwi kwenye ule umri dhalili unaotajwa katika Suratun Nahl na Suratul Haji, umri ambao mtu hajui kitu baada ya kuwa alijua. Tumeisikia tangu utotoni. Maalim mwenyewe alitusomea, akitutia hamu ya kuhifadhi. Sasa aliyehifadhisha mtaa mzima anapoingia katika umri ule ule, watu watasema nini? Watasema kumbe Kurani yake ilikuwa ya mdomoni. Watasema kuna dhambi iliyofichika. Mmoja alinambia wazi, tena ni mtu wa ibada, kwamba Mwenyezi Mungu hamvunjii mtu heshima bila ya sababu. Hiyo ndiyo aibu iliyotia komeo mlangoni. Mwanawe mkubwa, aliyeko Ghuba, alinambia katika simu, "Afadhali waseme baba mkali hataki watu, kuliko kusema hayo."

Nilikwenda kwa sheikh mmoja ambaye elimu yake sina shaka nayo, nikamuuliza mambo mawili. La kwanza, hukumu ya sala zile zinazorudiwa, na zile alizosali bila udhu, na Ramadhani mbili alizokula mchana, kwa sababu binti alikuwa akigombana na babake kila wakati wa sala hata wakapigana mieleka bombani. Sheikh akasema aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake. Hana deni la sala wala la saumu, na bintiye asimlazimishe wala asimzuie: akitaka kusujudu mara kumi, aachwe asujudu. Binti alipopata jawabu hilo alipumua kama aliyetuliwa gunia la chumvi.

La pili lilikuwa ile kauli. Sheikh alitabasamu, akaniuliza, "Maalim wako husoma nini akiwa peke yake?" Nikamwambia Yasin, Tabaraka, Juzuu Amma yote. "Hukosea?" Nikasema hakosei. "Basi mwenzangu, waambie watu wale wamtazame kwanza kilichobaki, ndipo wahesabu kilichokwenda." Akaongeza kwamba maneno ya wema wa kale ya kutia hamu si mizani ya kuwapimia wagonjwa.

Na hapa elimu ya madaktari yaingia bila ya kugombana na sheikh. Maradhi haya kwa kawaida huanza katika sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kupokea jambo jipya na kulitia ghalani. Sehemu hiyo ikianza kufa, la jana halipati pa kukaa, ilhali la miaka sitini iliyopita, lililokaririwa maelfu ya mara kwa ulimi na kwa sauti, limekwisha kuenea pahala pengine na hudumu muda mrefu zaidi. Ndipo mzee akamsahau mtoto aliyemlisha asubuhi na akaikumbuka sura aliyohifadhi akiwa na miaka saba. Wanaomwona hudhani ajisingizia, au kuna anayemsemesha ndani. Hakuna anayemsemesha, ila yeye mwenyewe alivyokuwa.

Maradhi yenyewe si mapya, na hayakuzuliwa na watu wa leo. Mwaka 1901 huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alipewa mgonjwa mwanamke, Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, ambaye hakuweza tena kuandika jina lake. Mumewe alikuwa ameshindwa kumuuguza nyumbani. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini akakuta uchafu na nyuzi zilizosokotana, na mwaka huo huo akawaeleza madaktari wenzake. Tangu mwaka 1910 maradhi hayo yaitwa kwa jina la daktari huyo, nayo ndiyo aina kubwa kabisa ya yale ambayo wataalamu huyajumuisha kwa neno dimenshia. Aina ya pili, ambayo sisi wa pwani ingetupasa kuiogopa zaidi kwa mapenzi yetu ya halua na chumvi, ni ile itokayo na mishipa ya damu kuziba, ndugu wa kiharusi, na wazazi wake ni presha na sukari.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 walikuwako watu milioni 57 wenye maradhi haya, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi za hali ya chini na ya kati, nchi kama yetu. Karibu zaidi nasi, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na kupita. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kiasi cha wazee 6 katika kila 100. Basi hesabu mwenyewe wazee wa mtaa wako. Hao waliobaki wa hesabu hiyo wako wapi, ikiwa hatuwaoni barazani?

Wala tusidhani ni sisi wasiosoma tu tunaokosea. Taarifa ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 na jumuiya ya kimataifa ya maradhi haya, Alzheimer's Disease International, ilionyesha kwamba watu 80 katika kila 100 walioulizwa huamini kuwa dimenshia ni uzee wa kawaida, na miongoni mwa wahudumu wa afya wenyewe ni 65 katika kila 100. Maalim alipopelekwa kwa daktari mara ya kwanza, daktari ambaye sitamtaja, aliandikiwa vidonge vya usingizi, na binti akaambiwa, "Ni uzee tu, mama." Hakupimwa mkojo, hakupimwa damu. Na mambo hayo yana maana kubwa, kwa kuwa yako maradhi yanayojifanya dimenshia na dawa zake zipo: tezi ya shingo ikilegea, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito, hata maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mzee akaweweseka kwa siku chache kama aliyerukwa na akili. Anayefungiwa ndani kwa aibu hufungiwa pamoja na ugonjwa ambao huenda ungepona.

Na kufungiwa kwenyewe ni sumu. Tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yangeshughulikiwa katika umri wa mtu, karibu 45 katika kila 100 ya dimenshia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Ndani ya orodha yao mna presha, sukari na sigara, lakini mna pia kutosikia, kutoona, na kutengwa na watu. Maalim alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na hakuna aliyempeleka kutolewa, "kwani ana la kuona nini tena?" Akawa katika chumba cha giza, haoni vizuri, hasikii vizuri, hana wa kuzungumza naye. Kisha twashangaa akikiona kivuli cha shuka akaita mwizi.

Mtaani zilikwenda hadithi tatu. Ya kwanza, kapandwa na jini. Akaletwa mtu mwenye kujiita mtaalamu, akafunga madirisha, akatia ubani mpaka mzee akashikwa na kifua kwa majuma mawili. Mimi si mtu wa kupinga kombe wala dua. Nimekunywa kombe utotoni na nikisomewa leo nitashukuru. Lakini dua haina haja ya kumziba mtu pumzi. Ya pili ni ya dhambi, nimekwisha kuieleza. Ya tatu ndiyo chafu kuliko zote: ya kwamba yule binti ndiye aliyemlisha babake kitu apate kurithi nyumba peke yake. Nilifuatilia chanzo chake. Hadithi hiyo ilizaliwa juma lile lile ambalo jamaa mmoja wa mbali alifika na karatasi za nyumba na kidau cha wino, akataka mzee atie kidole gumba, na binti akamfukuza. Alifanya vyema. Asiye na akili zake hauzi wala hatoi, kwa sharia yetu. Na kwa sheria ya serikali, anayetaka kusimamia mali ya mtu wa hali hiyo ana njia yake ya Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Kidole cha mzee kilichoshikwa na mtu mwengine si sahihi ya mzee.

Nilipoisikia hadithi hiyo ya tatu nilitetemeka, kwa sababu naijua inavyomalizika kwa wenzetu. Sisi wa mji hupenda kusikitika tunaposoma habari za Kilifi, za Ganze na Kaloleni na Magarini, za mzee aliyekatwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi. Twasema, "Maskini, hawajaelimika." Huko wako wazee wanaotia rangi nyeusi nywele zao, mvi zisije zikawa ushahidi. Kaya Godoma, katika Ganze, imekuwa kimbilio la wazee walionusurika, wasioweza kurudi kwao kwa sababu wanaowatafuta ni watoto wa ndugu zao na aghlabu nyuma yake pana shamba. Si pwani peke yake: Oktoba 2021, Marani katika Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa moto kwa shutuma kama hiyo. Sisemi kwamba kila aliyeuawa alikuwa na maradhi ya kusahau. Wengi walikuwa na akili zao timamu na kosa lao lilikuwa ardhi. Lakini hebu mfikiri bibi kizee mwenye maradhi haya, aliyeamka usiku, akavua nguo kwa sababu amesahau nguo ni za nini, akaingia ua wa jirani akidhani ndiko kwao. Wataalamu huita hali hiyo dalili. Mwenye ua ataiitaje, saa nane za usiku, ikiwa maisha yake yote hakuambiwa kwamba kuna maradhi ya namna hii?

Basi sisi na wao twatofautiana kwa chombo, si kwa fikira. Wao panga, sisi komeo.

Sehemu ya lawama iko kwetu tunaocheza na maneno. Nimetunga mashairi ya mapenzi, ya siasa, ya samaki, na siku hizi nikaketi nikajaribu kupata neno la maradhi ya Maalim. Nikaandika niyajuayo: kuchukuliwa, kuchezewa, kupandwa, kurukwa na akili, kuingia utotoni. Yatazame. Kila moja lina mkono wa mtu au wa jini ndani yake, au lina dharau. Mwenye sukari twasema ana sukari na hatumuulizi nani aliyemtilia. Siku hizi wako wasemao "ugonjwa wa kusahau". Si neno kamili, kwa kuwa kusahau ni sehemu tu ya balaa hili. Mgonjwa hupotea njia, hubadilika tabia, hushindwa kuvaa. Ila lina sifa ambayo hayo mengine hayana: halimtuhumu mtu. Mpaka wajuzi wa lugha watuletee jengine, mimi nitalitumia, na ningependa mwadhini naye alitumie. "Mzee amepotea, ana ugonjwa wa kusahau, msimwache aende." Ni maneno machache tu, na watu elfu wangekuwa walinzi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya komeo letu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila ya kuteswa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Dola. Hiyo "na" ya katikati ndiyo iliyosahauliwa. Mpango wa Inua Jamii huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni kheri, sitaibeza. Lakini mwenye kununua nepi za mtu mzima anajua fedha hizo humaliza siku ngapi. Na yule anayemvalisha mzee nepi hana fungu lolote. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba jamaa wanaouguza watu hawa hutumia kwa wastani saa 5 kila siku, na saa 70 katika kila 100 za kazi hiyo hufanywa na wanawake. Binti ya Maalim alipoyasikia hayo alicheka. Saa 5! Akasema hao waliohesabu walilala mchana.

Nairobi iko jumuiya ya wanaouguza, Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, iliyoasisiwa na Elizabeth Mutunga, aliyemuuguza babake mwenyewe. Hukutana wakaambiana yale ambayo nyumbani hayasemeki. Sisi pwani tuna vikao vya harusi, vya maulidi, vya matanga, vya kununua mashua. Kikao cha wanaouguza wazee kingetugharimu nini, zaidi ya kahawa chungu na mtu wa kwanza kufungua mdomo?

Nalisema hilo nikijua mdomo wa kwanza ulipaswa kuwa wangu. Baada ya kupotea kwa Maalim tulikutana wanafunzi wake wa zamani, tukapatikana saba. Mmoja ni fundi seremala: alitoa komeo la mlango wa chumba, akatia kengele ya mlango wa nje, ambayo ukifunguliwa hulia jikoni. Mwengine alimpeleka hospitali akapimwa presha, ikakutwa iko juu vibaya, na macho yamepangiwa siku. Mwanawe wa mtaa wa pili amekubali usiku mbili kwa juma, baada ya maneno makali ambayo si lazima niyaandike hapa. Wa Ghuba wamekubali kumlipa dada yao mshahara, na neno "mshahara" lilizua ugomvi wa siku tatu, kwa sababu eti mtu halipwi kwa babake. Nikawauliza wao huko hulipwa kwa baba za nani. Na kila jioni baada ya Alasiri mmoja wetu humtoa Maalim barazani, watu wakampitia, wakamwamkia, na anayepita akajua.

Si kila jioni ni njema. Iko siku alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Iko siku alilia kutaka kwenda kwao hali yuko kwao, nasi tukamzungusha mtaa mzima tukamrudisha mlango ule ule, akasema, "Alhamdulillahi, tumefika." Maradhi haya hayarudi nyuma na hakuna aliyetudanganya kuwa yatarudi.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nilianza Suratul Mulk ili tusome pamoja, nikaruka aya moja bila kujua. Bakora ilinishukia gotini kabla sijavuta pumzi. Akaisoma aya ile niliyoiruka, akanitazama kwa ghadhabu ya miaka arubaini na mitano iliyopita, akanambia nirudie. Nikarudia. Kisha akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamtajia babangu, akasema amjua, mtu mwema, nimpe salamu. Juma hili nimeombwa nibadilishe zamu, niende Jumamosi, kwa sababu Jumamosi yule binti ana harusi ya kwenda.